Mapango ya wakubwa wetu: kuyaandika ao kuyaficha?

Mwaka jana komite ya ushirika wetu iliniomba kazi ambayo niliiona nyepesi. Waliniambia: "Mwalimu, utuandikie orodha ya mapango yote ya kwetu. Jina la pango, kijiji, na njia ya kufika. Vijana wayajue, na wageni waje kuyaona." Nilikubali palepale. Mimi ni mwalimu wa historia na jiografia, nilitoka ISP na diploma yangu, na mwalimu akisikia neno orodha anashika biki kabla ya kufikiri. Sasa miezi saba imepita. Orodha ile sawa walivyoitaka haimo ndani ya kitabu hiki. Kilichomo ni maelezo ya kwa nini haimo, na kwa nini vilevile sikubali tunyamaze kabisa.

Kwa wale ambao hawajafika kwetu: upande wa Likasi kwenda Kolwezi kuna vilima vya mawe ya chokaa. Maji ya mvua yanaingia ndani ya nyufa, yanakula jiwe polepole, na kisha maelfu ya miaka kilima kinabaki na tumbo tupu. Pango lingine ni dogo, mbuzi watano wanalijaza. Lingine unatembea na taa mpaka unaanza kuhesabu hatua zako juu ya woga. Wakubwa wetu walizika humo, waliomba mvua humo, walificha mbegu humo, na siku za vita waliishi humo. Na kila pango liko na wenyewe. Sisemi mwenye karatasi ya kiwanja, ninasema ukoo ambao unapaswa kuombwa ruhusa mbele ya kuingia.

Basi nilianza kazi kwa mzee mmoja wa upande wa mama yangu, ambaye ninamwita nkambo. Nilimkuta nyuma ya nyumba akichonga mpini wa jembe.

"Nkambo, nimekuja juu ya yale mapango. Nataka kuyaandika."

"Kuyaandika? Ile pango iko na deni ya nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mwalimu, mi naona batu banaandikwa mara tatu. Bazungu balituandika juu ya kodi. Kisha bakatuandika juu ya kazi ya mugodi. Kisha bengine bakakuja kutuandika juu ya kura. Kila mara kisha kuandika, mutu anakuja kutwaa kitu. Sasa weye unataka kuandika fasi ya wakubwa. Nani atakuja kisha yako?"

Sikuwa na jibu, kwa hiyo nikafanya sawa tunavyofanya sisi walimu, nikauliza swali lingine. Nilimuuliza kama si vizuri watoto wajue. Akaniambia kwamba pango moja kati ya yale liliwaficha, wao na mama na watoto, wakati wa vita. Mwaka gani, hakutaka kusema. "Fasi ya kujificha ikiandikwa, haiko tena fasi ya kujificha. Na vita, mwalimu, weye mwenye kusoma, unaweza kuniambia kama zimeisha?"

Hoja ile ni nzito kuliko inavyoonekana. Wengi wetu tunafikiri siri ya wazee ni imani tu, ni woga wa mikishi, na kwamba shule ikifika siri itakufa. Lakini mzee huyu hakunitajia mikishi hata mara moja. Alisema kama mtu ambaye ameshalala na watoto ndani ya giza, akisikiliza viatu vya askari inje. Ndani ya nchi yetu, tangu zamani mpaka leo, ni ukoo gani unaweza kuapa kwamba hautahitaji tena fasi ya kukimbilia?

Hapo nilikumbuka Chamakele. Mwishoni mwa karne ya 19, nchi hii ikiwa mali ya mfalme Léopold wa Pili, chifu mmoja wa Wasanga, jina lake Mulume Niama, alikataa utawala ule. Watu wake walipigana, na afisa mmoja wa mfalme aliuawa. Askari wa serkali waliwafuata, nao wakakimbilia ndani ya pango kubwa la chokaa, Chamakele. Askari wakawazingira. Wasanga wakakataa kutoka. Kisha miezi mitatu askari walipoingia walikuta maiti 178. Na bado hawakuridhika. Maofisa waliogopa kwamba fasi ile itageuka kuwa fasi ya kuheshimu mashujaa, wakaangusha mlima juu yake, ili Chamakele isionekane tena na Mulume Niama asikumbukwe.

Nkambo angesema: unaona, walijua mulango, njo maana balikufa. Na angekuwa na haki. Lakini tusome habari ile mpaka mwisho. Watu wa mfalme walipomaliza kuua, walifanya kazi moja zaidi, nayo ilikuwa kuficha. Pango lenye jina liliwatisha kuliko watu waliokufa ndani yake. Kwa hiyo siri ilikuwa silaha yao pia, tena ile ya mwisho.

Na mimi, mtoto wa binti wa Kisanga, habari ile sikuambiwa na mtu yeyote kando ya moto. Niliisoma. Mwandishi wa Marekani, Adam Hochschild, aliisimulia mwaka 1998 katika kitabu chake juu ya Léopold. Niliposoma ukurasa ule nilikuwa mwanafunzi, nikafunga kitabu nikaenda inje kusimama. Kilichonichoma ni kwamba ndani ya simulizi lile kuna hesabu ya watu 178 na jina la mtu mmoja tu. Wengine 177 walikuwa na majina, walikuwa na mashemeji, walikuwa na watoto walioitwa kwa majina yao. Kama wazee wetu waliyajua, waliyaficha vizuri mpaka yakapotea. Hapo siwezi tena kusema kwamba kunyamaza kunalinda. Kunyamaza kulimaliza kazi ambayo mlima ulioanguka uliianza.

Nisijifanye hakimu wa wengine, kwani mimi mwenyewe nimeharibu. Mwaka 2011 nilipeleka wanafunzi wangu wa mwaka wa tano kuona pango moja. Niliomba ruhusa kwa chifu wa kijiji, nilitoa kuku na kinywaji, lakini wenyewe wa pango sikuwaomba, sikujua hata kama wako. Mbele ya safari nilichora njia ubaoni: mto, mti mkubwa wa mwembe, kichuguu, kisha kushoto. Wanafunzi wote wakanakili. Nilifurahi sana, somo zuri la ramani! Kisha miezi minne nilirudi peke yangu. Ukutani kulikuwa majina kwa makaa, na la kwanza lilikuwa la darasa letu. Chini yake majina ya watu ambao sikuwahi kuwafundisha. Yale mawe yanayoning'inia kutoka juu, ambayo yanakua tone kwa tone na urefu wa kidole tu unaweza kudai mamia ya miaka, yalikuwa yamevunjwa, watu wameyapeleka nyumbani kuweka juu ya meza. Katika kona moja walikuwa wamepika. Daftari liko na miguu, ndugu zangu. Nilichora ubaoni kwa watoto arobaini na wawili, na ubao ulifutwa jioni ile ile, lakini njia haikufutwa.

Kwa hiyo nilitoka pale mtu wa siri kabisa. Kama komite ingeniuliza mwaka ule, ningekataa kwa ukali, na makala haya yangekuwa mafupi.

Kilichonigeuza tena ni kilima kingine. Humo kulikuwa pango ambalo ukoo mmoja ulilificha vizuri sana. Hakuna mwalimu aliyelichora, hakuna mgeni aliyeliona, ukuta wake haukuwa na alama ya makaa. Mwaka 2016 wakafika watu wa kampuni moja, sitaji jina lake, wakitafuta jiwe la chokaa. Walikuwa na kibali. Walifanya mkutano na wakaaji chini ya mwembe, sawa desturi inavyotaka, soda na mikate. Mimi nilikuwa pale kwani walitaka mtu wa kutafsiri Kifaransa. Mkubwa wao, kijana mwenye adabu, alifungua ramani juu ya meza. Akauliza kama kuna makaburi ao fasi ya heshima.

Mzee wa ukoo akasimama. "Pale hapana."

"Pale wapi, baba?"

"Pale yote."

"Baba, kilima ni kikubwa. Utuonyeshe ni fasi gani, tutaizunguka."

Mzee alinitazama mimi, kisha akatazama vijana wa vijiji vingine waliojaa kunywa soda. Kuonyesha pango mbele ya wageni kulikuwa mwiko kwake. Kutoonyesha kulikuwa kulitoa. Nimefundisha miaka mingi neno la Kifaransa "dilemme", lakini siku ile niliona uso wake. Akasema tena, "Pale yote," akakaa. Ndani ya ripoti waliandika kwamba hakuna fasi maalum iliyotajwa. Siku baruti ilipopasuka, kilima kiliingia ndani ya tumbo lake chenyewe. Mzee hakusema neno lolote juu yake tena. Alikufa kisha miaka miwili.

Wengine watasema: ni kosa la sheria. Hapana. Sheria iko. Amri-sheria nambari 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni. Kode ya Madini ya mwaka 2002 inasema kwamba bila ruhusa ya wakubwa wanaohusika, hakuna mtu anayeweza kukalia ardhi ya makaburi, ao ardhi yenye mabaki ya kale ao mnara wa taifa. Lakini sheria inalinda kile kilichotajwa. Kadastre ya madini inakata nchi yetu kwa miraba, na mraba ambao hakuna aliyeandika kitu ndani yake ni mraba mtupu, hata kama nkambo zako saba wamelala humo. Siri inamzuia mtalii, inamzuia mwanafunzi mwenye makaa. Mwenye kibali haimzuii, kwani yeye hatafuti mlango. Anatwaa kilima na mlango wake.

Tena kuna mapango ambayo swali letu limeshapita juu yao. Kiantapo, katika Katanga yetu ya zamani, iko na michoro ya mistari na nukta iliyochongwa ndani ya jiwe, na padri Henri Breuil aliitolea maandishi mwaka 1952. Matupi, kule Mont Hoyo katika Ituri, ilichimbwa na wataalamu katika miaka ya 1970, wakakuta vyombo vya mawe vya watu wa zamani sana. Jina likishatoka haliwezi kurudishwa ndani. Kule Mbanza-Ngungu, katika Kongo ya Chini, kuna samaki wasio na macho wanaoishi ndani ya maji ya mapango. Wataalamu waliwapa jina Caecobarbus geertsi mwaka 1921. Kisha kujulikana walivuliwa na kuuzwa inje, watu wa mbali wakawaweka ndani ya vioo kama pambo. Huo ni ubaya wa kutajwa. Lakini ni kwa sababu walikuwa na jina ndipo mapatano ya mataifa juu ya biashara ya wanyama yaliweza kuwaweka katika orodha ya wale ambao huwezi kuwasafirisha bila kibali. Samaki asiye na jina angeuzwa vilevile, bila mtu wa kumtetea.

Na Wazungu wenyewe walijifunza kwa maumivu. Lascaux ya Ufaransa iligunduliwa mwaka 1940, ikafunguliwa kwa watu wote 1948, na mwaka 1963 ikafungwa, kwani pumzi ya wageni ilianza kuharibu michoro. Chauvet ilipopatikana mwaka 1994 hawakurudia kosa. Dunia nzima inajua jina lake, inaona picha zake, tangu 2015 inatembelea nakala iliyojengwa mbali kidogo, lakini mlango wa pango lenyewe umefungwa na ni watafiti wachache wanaoingia kwa zamu. Hatuna pesa za kujenga nakala ya pango, hilo ninajua. Lakini angalia walivyotenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya: kujua kwamba kitu kiko, na kukifikia. Ugomvi wangu na nkambo ulikuwa hapo. Mimi niliposema kuandika, yeye alisikia njia. Yeye aliposema kuficha, mimi nilisikia jina.

Kuna siri moja tu ambayo kwangu hakuna ukoo wenye haki nayo, ni ile ya hatari. Kati ya mwaka 1998 na 2000, kule Durba, upande wa Watsa, homa ya Marburg iliwashika wachimbaji wa dhahabu ndani ya mgodi uliojaa popo. Wagonjwa walikuwa 154, waliokufa 128. Mgodi si pango, lakini popo hawaangalii tofauti hiyo. Kama mzee anajua kwamba pango fulani lina popo wengi, ao kwamba linajaa maji mvua ikianza, anapaswa kulisema kwa sauti, hata kama halitaji mengine.

Juu ya pesa za watalii sitasema mengi. Kwetu barabara ikiharibika mwezi wa kumi na mbili, hata muuza unga hafiki. Yule anayesema watalii watatujengea shule, atangulie kujenga daraja.

Basi nilirudi kwa nkambo. Sikuleta daftari safari hii, nilileta sukari. Nilimweleza habari ya kilima kile na baruti, ingawa alikuwa ameshaisikia. Kisha nikamuuliza swali ambalo niliogopa kumuuliza mara ya kwanza.

"Nkambo, ile pango iliyowaficha. Leo nani anajua njia?"

"Mi najua."

"Na mwengine?"

Alinyamaza muda mrefu. Watoto wake wanaume wawili wako Kolwezi, wanachimba kobalti. Mmoja yuko Lubumbashi, anarudi siku ya kilio tu. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba siri inataka mtu wa kuibeba, na kwamba yeye hana mtu. Bila mrithi hafichi pango, anajizika nalo. Nilitaja mjukuu wake wa kike, yule wa miaka kumi na saba ambaye anamteka maji na anajua kila kichaka. Alikasirika. Mwanamke haongozwi kule, alisema. Nikamuuliza siku za vita nani aliwabeba watoto mpaka ndani. Hakunijibu, akaniomba nimsogezee sukari.

Ninachotoa kwa komite ni hiki. Majina kumi na moja ya mapango, kila moja na jina la ukoo wake na chifu ambaye mtu anapaswa kumwona. Hakuna njia, hakuna mchoro, hakuna hesabu ya kilometa. Majina hayohayo, pamoja na kilima cha kila moja, yapelekwe kwa maandishi kwenye ofisi ya utamaduni ya jimbo na kwenye ofisi ya madini, ili siku ramani inafunguliwa juu ya meza mraba usiwe mtupu, na mzee asilazimishwe kuonyesha mlango mbele ya watu wanaokunywa soda. Kilima kitajwe, mlango usitajwe. Wenzangu wawili wa komite wanasema hii ni nusu ya kazi. Mmoja anasema hata hii ni nyingi, kwamba ofisi zinavuja kuliko paa la shule yetu, na sina cha kumjibu kwani paa lile ninalijua.

Majina ya pango la kumi na mbili na la kumi na tatu wenyewe walikataa kuyatoa. Nimeacha mistari miwili mitupu.

Wiki iliyopita nkambo alinitumia neno kupitia dereva wa pikipiki. Anataka kutembea mwezi wa tisa, mbele ya mvua kuanza, yeye na mjukuu wake. Mimi ninaweza kuwafuata mpaka mtoni, nivae viatu vizuri, na daftari libaki Likasi.